Mtaala mpya umeipa mikono kazi, vichwa bado vinasubiri

Tangu Januari 2024, mitaala iliyoboreshwa ilipoanza kutumika, neno linalosikika kuliko yote katika mjadala wa elimu Tanzania ni vitendo. Wazazi wanalisema kwenye vikao vya shule, watangazaji wanalirudia redioni asubuhi, wanasiasa wanapigiwa makofi kwa ajili yake: nadharia imekwisha, sasa watoto watatoka shuleni na ujuzi mkononi. Kinachofuata ni maswali ya haki kabisa kuhusu karakana, cherehani na walimu wa amali, na juu yake hesabu ya mwaka 2027, ambapo Darasa la VI la mtaala mpya na Darasa la VII la mtaala wa zamani watamaliza pamoja na kubisha hodi kidato cha kwanza kwa mkupuo mmoja. Sina ugomvi na maswali hayo. Ninachokiona ni kwamba katikati ya kelele hizo tumebadilishiwa mzigo bila kugutuka. Kilichoahidiwa ni mtoto anayehoji, anayepima hoja, anayetatua tatizo ambalo hajawahi kuonyeshwa njia yake. Tunachokishangilia ni mtoto aliyeshika nyundo. Hivyo ni vitu viwili. Uwezo wa kufikiri hujengwa na aina ya swali analouliza mwalimu na kile anachokifanya akishapata jibu, katika Hisabati, Historia, Sayansi na Kiswahili sawasawa, na kazi hiyo hakuna karakana itakayoifanya kwa niaba yake.

Chukua utengenezaji wa sabuni, kazi inayopendwa sana kwenye maonyesho ya shule. Mwanafunzi anapima mafuta, anapima kostiki soda, anakoroga, anamimina kwenye kasha, kesho yake anakata miche. Akifuata maelekezo hatua kwa hatua atapata sabuni nzuri, na atakuwa amekariri kwa mikono kile ambacho kaka yake alikikariri kwa mdomo. Kufikiri kunaanza pale mwalimu anapouliza kwa nini sabuni ile ile inatoa povu jingi kwenye maji ya mvua na povu hafifu kwenye maji ya kisima, akaliacha darasa libishane, lipendekeze namna ya kujaribu, kisha lijaribu. Bila swali hilo tumefungua kiwanda kidogo chenye vibarua wasiolipwa. Wenzetu wa Kenya waliyaona haya mapema. Mtaala wao wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchi nzima 2019, umeweka uwazaji kina na utatuzi wa matatizo miongoni mwa umilisi saba wa msingi, lakini manung'uniko ya wazazi yakageukia vifaa vya kununua na kazi za mikono ambazo mwishowe mama ndiye anayezikesha. Huku kwetu nako, najua ufagio ulionunuliwa sokoni Jumapili jioni na kupata alama nzuri Jumatatu asubuhi.

Anayedhani wazo la kumfundisha mtoto kufikiri limekuja na mtaala huu amechelewa sana kufika. Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Nyerere alitaka elimu imjengee mtoto akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kuyakataa au kuyarekebisha mambo yao kulingana na mahitaji yake, na kujiamini kama mtu huru aliye sawa na wenzake. Kilichobaki vichwani mwa wengi kutokana na andiko lile ni shamba la shule na jembe. Azimio la Musoma la 1974 likalaumu mtihani mmoja wa mwisho na kuleta tathmini endelevu. Mwaka 2005 mtaala wa sekondari ukaandikwa upya ili uzingatie umahiri badala ya maudhui. Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri, serikali ikaunda tume, na nchi nzima ikawa inatafuta mchawi. Siwezi kusema mtaala wa umahiri ndio uliowaangusha vijana wale. Sababu zilikuwa nyingi, kuanzia uhaba wa walimu hadi lugha. Ila nyaraka zilibadilika mara tatu na mwalimu alipoingia darasani alikuwa na maswali yale yale: taja, orodhesha, eleza maana ya.

Swali la aina hiyo lina madhara kuliko kuchosha tu. Karibu mwaka 1980 watafiti wa ufundishaji wa hisabati huko Grenoble, Ufaransa, waliwapa wanafunzi 97 wa shule za msingi swali hili: ndani ya meli kuna kondoo 26 na mbuzi 10, je, nahodha ana umri gani? Watoto 76 walitoa jibu. Walichukua namba walizozikuta, wakazichanganya, wakapata umri. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wamesoma vizuri mno kanuni isiyoandikwa ya shule: swali likiwa na namba, namba hizo zifanyiwe kitu, na kila swali la mwalimu lina jibu. Mpe swali hilo mtoto wa Darasa la V aliyelelewa na tuisheni ya kukariri mitihani iliyopita, kisha umsikilize. Mtoto atakayesema "mwalimu, hapa hakuna habari za umri" ndiye aliyefundishwa kufikiri, na mara nyingi ndiye anayeonekana mkorofi.

Sisi tuna mfano wetu wenyewe wa mkorofi wa aina hiyo, na huwa tunausimulia kwa namna inayotufurahisha zaidi kuliko inavyotufundisha. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, aliweka maziwa ya moto kwenye friji bila kuyapoza, kwa kuwa nafasi ilikuwa inaisha na wenzake walikuwa wanaiwania. Maziwa yake yakaganda kabla ya ya mwenzake yaliyowekwa yakiwa ya baridi. Alipouliza, mwalimu alimwambia amejichanganya. Alipouliza tena akiwa Mkwawa, Iringa, wakati wa somo la kanuni ya Newton ya kupoa, aliambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na darasa likafanya jina hilo kuwa la utani. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipofika shuleni na kuulizwa swali lile lile mbele ya wanafunzi waliokuwa wakicheka, aliahidi kulijaribu, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja. Tunaisimulia habari hii kama ya kipaji kilichokataa kuzimwa. Mimi inanivutia zaidi sehemu ya fundi wa maabara. Osborne alimtuma ajaribu. Fundi akarudi na kusema kweli ya moto iliganda kwanza, ila wataendelea kurudia jaribio hadi wapate jibu sahihi. Hapo ndipo ugonjwa wetu ulipo. Jibu sahihi lipo tayari mahali fulani, na kazi ya jaribio ni kulifikia. Hadi leo wanasayansi wanabishana kama jambo lile hutokea kweli na katika mazingira gani, na ubishi huo hauliharibu somo hata kidogo.

Swali la namna hiyo haliishi kwenye fizikia peke yake. Katika Historia kila mwanafunzi anaweza kukutajia sababu za Vita vya Majimaji: kodi, kilimo cha pamba cha kulazimishwa, viboko vya maakida, imani katika maji ya Kinjekitile. Pointi nne, alama nne. Sasa muulize kwa nini Wangoni waliingia vitani na Wahehe hawakuingia, ilhali utawala ulikuwa ule ule na kodi ile ile. Hapo orodha haimsaidii. Itabidi akumbuke kwamba Mkwawa alikufa 1898 baada ya miaka ya kupigana na Wajerumani, kwamba Wahehe walikuwa wameshazionja bunduki zile, na aanze kupima kati ya sababu iliyokuwepo kila mahali na sababu iliyotenda kazi mahali fulani. Amejifunza Historia, na papo hapo amejifunza jambo atakalolihitaji kwenye Baiolojia akiulizwa kwa nini watu wawili wa nyumba moja wanaumwa na mbu wale wale na mmoja tu anaugua malaria. Kwenye Kiswahili tuna hazina ambayo hatuigusi. Mtihani unamwambia mtoto aeleze maana ya "haraka haraka haina baraka", anaandika alichokariri, yameisha. Mwekee pembeni yake "ngoja ngoja huumiza matumbo" na umwambie aamue ni ipi ingemfaa mvuvi anayeliona wingu jeusi likiinuka, na ipi ingemfaa mtu anayetaka kununua kiwanja chenye hati za mashaka. Atalazimika kutoa sababu, na mwenzake atampinga.

Kuna hoja nzito dhidi ya haya yote, na haifai kupuuzwa. Inasema kufikiri si ujuzi unaoelea peke yake. Mtu hufikiri juu ya jambo analolijua. Mwanasaikolojia wa Marekani Daniel Willingham amelieleza hili kwa miaka mingi: anayepima hoja vizuri kwenye historia hawezi kuhamishia uwezo huo kwenye kemia ambayo haijui. Ushahidi wa majaribio nao haumpi mtu yeyote nafasi ya kujigamba. Miaka ya 1980 Philip Adey na Michael Shayer wa King's College London walibuni vipindi vya sayansi vilivyolenga kukuza fikra, na wanafunzi wao baadaye walifanya vizuri zaidi si kwenye sayansi tu bali pia hisabati na Kiingereza. Ilikuwa habari kubwa. Lakini toleo jipya la programu hiyo lilipofanyiwa majaribio chini ya Education Endowment Foundation, taasisi ya Uingereza inayopima mbinu za kufundisha, matokeo yaliyotolewa 2016 hayakuonyesha faida katika sayansi. Vivyo hivyo falsafa kwa watoto, njia iliyoanzishwa na Matthew Lipman: jaribio la 2015 lilileta matumaini, jaribio kubwa zaidi la 2021 halikukuta faida katika usomaji. Kilichofanya vizuri katika majaribio ya taasisi hiyo hiyo ni ufundishaji wa majadiliano wa Robin Alexander, ambao 2017 ulionyesha wanafunzi wakiwa mbele kwa takriban miezi miwili katika Kiingereza na sayansi, na huo hauna somo jipya wala kitabu cha mazoezi ya akili. Unabadilisha namna walimu na wanafunzi wanavyozungumza ndani ya masomo yaliyopo. Naikubali hoja ya maarifa kwanza, tena naona inaunga mkono ninachokisema. Anayetaka tuanzishe kipindi cha fikra tunduizi kila Ijumaa saa nne anatupotezea muda, na anayetaka tupunguze maudhui ili watoto "wajifunze kufikiri" anawanyang'anya kitu cha kufikiria. Swali la Wahehe halijibiki na mtoto asiyemjua Mkwawa.

Hoja ya pili ni ya mwalimu mwenyewe, na nyingi ya hasira zake ni za haki: darasa lina watoto mia na zaidi, wakati mwongozo unasema 45. Majadiliano gani hapo? Tangu elimu bila ada ilipoanza 2016 watoto wamefurika, na jambo hilo ni jema, ila vyumba na walimu havikufurika nao. Mwalimu wa watoto 110 hawezi kusahihisha insha 110 kila wiki, na mthibiti ubora anayemdai afanye hivyo aje ashike kalamu nyekundu yeye. Lakini angalia kinachofanyika ndani ya dakika 40 zilizopo. Mwalimu anaeleza, anageuka: "Tumeelewana?" Darasa zima kwa sauti moja: "Ndiyoo mwalimuu!" Anauliza, "Mmea unatengeneza chakula chake kwa kutumia mwanga wa...?" na sauti mia zinamalizia, "juaa!" Kiitikio hicho kinampa mwalimu picha ya darasa lililo hai, kumbe watoto kumi wa mbele wanajibu na wengine wanafuata sauti. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe aligundua kwamba walimu husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, sababu zilianza kutolewa, na watoto waliokuwa kimya walianza kusema. Sekunde tatu hazihitaji bajeti. Kumwambia kila mtoto amweleze jirani yake wa dawati jibu lake na sababu yake, kabla mwalimu hajamwita yeyote, kunafanya watoto 110 waseme kwa mara moja. Kelele zitakuwepo. Mwalimu mkuu anayepita dirishani na kudhani darasa limemshinda mwalimu ni kikwazo kikubwa kuliko idadi ya madawati.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosemwa kwa sauti ya busara zaidi: kwamba kuhoji si mila yetu, kwamba mtoto wa Kiafrika amelelewa kumsikiliza mkubwa, na mbinu hizi ni za Wazungu. Anayesema hivyo amesahau jioni za utotoni mwake. Vitendawili vilitegwa na mtoto na mkubwa akashindwa akaombwa mji. Kwenye mwambao washairi wamejibizana kwa beti, hoja kwa hoja, na hadhira ikahukumu nani amemshika mwenzake wapi. Mchezaji wa bao anayecheza bila kuangalia mbele anafungwa na mjukuu wake, na hakuna anayesema mjukuu amekosa adabu. Utani wa makabila na wa babu na mjukuu ni shule nzima ya kumpinga mtu bila kumvunjia heshima. Ukimya wa darasani una wazazi wengine, nao ni shule ya kikoloni iliyohitaji makarani wa kunakili na watumishi wa kutii, na fimbo iliyobaki baada ya mkoloni kuondoka. Mtoto anayechapwa kwa jibu lisilo sahihi hujifunza haraka kwamba salama yake ipo kwenye kunyamaza, na hilo ni matokeo ya fimbo, mila haina kosa.

Suala la lugha lingehitaji makala yake, lakini haliwezi kurukwa. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali hubishana kwa Kiswahili kama jiwe na kipande cha mbao vitaelea au vitazama, na hubishana vizuri. Miezi michache baadaye yuko kidato cha kwanza, sayansi iko kwa Kiingereza, na mtoto yule yule ananyamaza. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake wameandika juu ya ukimya huu kwa miongo. Sera ya elimu, toleo la 2023, imeacha mpaka ule ule mahali pake. Kwa muda huu jambo la chini kabisa linalowezekana ni kumruhusu mwanafunzi afikiri kwa lugha anayoimudu, abishane na mwenzake kwa Kiswahili, kisha asaidiwe kuandika hitimisho lake kwa Kiingereza. Walimu wengi wanafanya hivyo tayari, kwa kujificha, kama wanaoiba. Shule zenye mabango ya kutoza faini kwa kila neno la Kiswahili zinatoza faini kwa kufikiri.

Yote haya yanaishia kwenye mtihani, na hapa walimu wana akili kuliko wakosoaji wao. Mwalimu hufundisha kile kitakachoulizwa. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanywa na watoto zaidi ya milioni moja kwa mwaka, na tangu 2012, mashine zilipoanza kusahihisha majibu ya kuchagua, aina hiyo ya swali ndiyo iliyotawala. Kwa haki, swali la kuchagua si lazima liwe la kukariri. Unaweza kuandika: mwanafunzi anadai kila kitu kizito huzama, ni lipi kati ya haya manne linalompinga? Mtoto atalazimika kufikiri ili achague meli ya mizigo. Kutunga maswali ya aina hiyo ni kazi ngumu, yanahitaji watungaji waliofundishwa na muda wa kuyajaribu, na ndiyo maana ni machache. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, hatua niliyoiunga mkono, lakini mabango ya "A zote" bado yamening'inia kwenye mageti, na mtihani wa moko wa wilaya bado ni nakala ya karatasi za miaka iliyopita.

Mtaala mpya umefungua mlango mmoja ambao wachache wameuona. Elimu ya lazima sasa inapangwa kuwa ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Kama kila mtoto wa Darasa la VI anaendelea, basi mtihani wa mwisho wa darasa hilo hauna tena sababu ya kuchuja. Na ulichokuwa unakifanya kwa haraka na kwa mashine ni kuchuja. Ukiondoa kazi hiyo, si lazima kila karatasi ya kila mtoto isahihishwe Dodoma au Dar es Salaam. Maswali mawili au matatu kwa kila somo, ya kueleza na kutoa sababu, yanaweza kusahihishwa na walimu wa kata kwa mwongozo mmoja, na Baraza likachukua sampuli ya shule kila mkoa kuhakiki. Mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, ambayo sehemu nyingi yamegeuka darasa la kujaza andalio la somo, yangekuwa mahali pa walimu kukaa na majibu halisi ya watoto wao mezani na kubishana lipi lina hoja na lipi limekaririwa. Watakaopinga watasema walimu watawapendelea wanafunzi wao, na tathmini endelevu imetuonyesha kwamba hofu hiyo ina msingi: kuna shule ambazo alama za maendeleo hupikwa wiki moja kabla ya kutumwa. Lakini alama hupikwa pale zinapoamua nani aende na nani abaki. Zikiacha kuamua hilo, mwalimu anayepika atakuwa anamdanganya nani? Watungaji wa karatasi za 2027 hawana muda mrefu wa kulijibu hilo, na mjadala wetu wa hadharani bado uko kwenye cherehani.